Nauza friza kwa mkopo wa duka hapa Mwanza ili nisipoteze kazi. Hivi kosa ni langu au la bosi?

Mtu wa Kaunta (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite salama.

Nafanya kazi kwenye duka la vyombo vya umeme na samani hapa mjini. Sitalitaja, na msinibane PM nilitaje. Friji, friza, TV, makochi, magodoro, majiko ya gesi. Nilianza kama muuzaji wa kawaida tu. Mteja anaingia, mnapatana bei, analipa, unaandika risiti, unamwitia kirikuu ya mzigo, kazi imeisha.

Baadaye ukaja mkopo wa duka. Mteja anatoa kianzio, anaondoka na kitu chake, marejesho anatuma kwa simu kila wiki. Mwanzoni tulifurahi kwa sababu wateja waliongezeka. Kisha ikaja tageti: mikopo 15 kwa mwezi kwa kila muuzaji, na keshi haihesabiwi. Nikiuza friji tano za keshi kwa siku moja, kwenye ubao wa bosi mimi bado ni sifuri. Nikiuza godoro moja la mkopo, nina moja. Mshahara ni 250,000 na kila mkopo unaongeza 8,000. Ukikosa tageti miezi miwili mfululizo, mkataba hauongezwi. Hakuna anayekufokea wala kukufukuza, unaambiwa tu kwa upole kwamba mkataba umeisha. Tulikuwa tisa, tumebaki watano.

Sasa sikilizeni tunavyofundishwa kuuza. Mteja akiuliza bei, usitaje bei. Muulize, "Mama, kwa wiki unaweza kutenga kiasi gani?" Bei ya keshi anatajiwa akiiuliza mara ya pili, mara ya kwanza unazungusha. Vibandiko vya bei vimebanduliwa, kilichobaki kwenye friza ni namba moja kubwa nyekundu: 22,500 kwa wiki.

Mwezi wa tano, zimebaki siku mbili mwezi uishe, nina mikopo 13. Akaingia mama mmoja kutoka Igombe. Anauza uji asubuhi, na jua likipanda anauza maji baridi, juisi ya ubuyu na barafu pale mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapofikia. Alifungua friza ya lita 200, akaingiza mkono mzima mpaka begani akipima kina, midomo inacheza bila sauti. Nilijua anahesabu chupa. Chini zitakaa ngapi, mifuko ya barafu ipande mingapi juu yake. Akafunga, akafungua tena upande wa pili, kama mtu anayekagua ng'ombe kabla ya kununua.

Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mtu akilipa yote kwa mkupuo ni ngapi?"

Ndiyo mara ya kwanza hiyo. Nikamjibu, "Mayu, ya nini ujibane na hela nyingi kwa siku moja? Hii unalipa kidogo kidogo, hata huisikii." Akaniangalia. Akacheka kidogo, akasema haya. Hakuuliza tena. Kianzio 200,000, noti za elfu mbili mbili na elfu tano, zinanuka dagaa. Nikazihesabu mara mbili, akaweka dole gumba, nikawa na 14.

Kwa keshi ile friza ilikuwa 800,000. Kwa mkopo wetu, 22,500 mara wiki 52, ukijumlisha na kianzio, ni 1,370,000.

Na hapa ndipo linaponikaba. Mimi nimekulia Kayenze, mwalo naujua. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Zamani kwa karabai, siku hizi kwa taa za betri na sola, lakini kanuni ni ile ile: mbalamwezi ikiwaka, taa ya mtumbwi haivuti kitu. Mitumbwi inalala juu ya mchanga wiki nzima na zaidi, wavuvi wanashona nyavu au wanarudi kwao. Nani atanunua maji baridi? Mwalo wote unakauka hela. Mfumo wetu hauna habari na mwezi, unadai kila Jumatatu. Ukichelewa, faini 5,000 kwa kila rejesho. Marejesho manne yakipita, chombo kinachukuliwa. Yote haya niliyajua siku ile, kalamu ikiwa mkononi.

Mwezi wa saba mfuatiliaji wa madeni wa duka akanipigia. Nyumba haioni, na ramani niliandika mimi. Nikapanda naye bodaboda nikamwonyesha. Mama alikuwa nyuma kwa marejesho manne. Hakubishana. Alisema, "Nipeni dakika kumi nitoe barafu," akaanza kuhamishia mifuko kwenye ndoo za jirani, ubuyu mwekundu ukimchuruzika mkononi, watoto wamesimama wanatazama. Bahati wanawake wa kikundi chake wakachangishana pale pale, friza haikutoka. Lakini mimi nilikuwa nimeshashika upande mmoja wa kuibeba.

Nina mtoto wa darasa la pili na chumba cha kupanga Mabatini. Msiniambie "acha kazi" kirahisi. Niambieni kosa langu liko wapi hasa. Kuuza mkopo? Kumzungusha? Kumwonyesha yule jamaa njia?

Ngosha wa Usagara

Mkuu kwani ulimshikia panga? Mtu mzima kaweka dole gumba. Huku kwetu wakopeshaji wa kausha damu wanapita nyumba kwa nyumba na wanabeba mpaka sufuria lenye ugali, hatujaona mmoja wao akifungua uzi wa kulia.

Hesabu Kavu

Nipo kwenye taasisi ya mikopo yenye leseni, kwa hiyo nikae kwenye namba tu, ya rohoni nawaachia wengine.

Mama alibeba deni la 600,000. Atalipa 1,170,000. Ziada ni 570,000. Bosi wako atakwambia hiyo ni asilimia 95 kwa mwaka, gawa kwa 12, ni kama asilimia 8 kwa mwezi, mbona kawaida. Siyo. Mama hakai na 600,000 mwaka mzima. Kila wiki anapunguza deni, ila riba anatozwa kana kwamba hela yote bado iko mkononi mwake. Ukiipiga kwa deni linalopungua, inakuja karibu asilimia 3 kwa wiki, yaani 12 mpaka 13 kwa mwezi.

Sisi wa daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, Benki Kuu (BoT) imetuwekea kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kikomo hicho, 600,000 kwa miezi 12 ni rejesho la kama 62,000 kwa mwezi, ziada yote haifiki 150,000. Kwa wiki ni kama 14,300. Wewe umemuuzia 22,500.

Duka lako litasema halikopeshi hela, linauza bidhaa kwa "bei ya mkopo". Wanasheria waje hapo, mimi hesabu yangu haibadiliki kwa kubadilisha jina. Novemba 2024 BoT ilipotaja zile programu 69 za mikopo zisizo na leseni, watu walishangilia humu. Duka lenye vioo na kiyoyozi hakuna anayeliita kausha damu.

Mkaa Kirumba

Assalaam alaykum. Mtoa mada, kuna hadithi ya Jabir, ipo kwa Imam Muslim: wamelaaniwa mwenye kula riba, mwenye kuilipa, mwenye kuiandika na mashahidi wake wawili, na wote wamewekwa sawa. Mwenye kuandika ndiyo wewe, kalamu umeitaja mwenyewe.

Ila nisikuonee. Wanazuoni wengi wanaruhusu bei ya mkopo iwe juu kuliko bei ya keshi. Muuzaji anasubiri hela yake, anayo haki. Sharti bei iwe moja, ijulikane kabla hamjaachana, na isipande tena baada ya hapo. Kwako yameharibika mawili. Faini ya kuchelewa, hiyo haina mlango wa kutokea. Na la pili: mama alikubali bei gani? Jumla hukumtajia. Alikubali 22,500, na 22,500 siyo bei ya friza.

Binti Makoroboi

Wanaume mnaongea tu. Mimi ni fundi cherehani. Benki waliniuliza hati ya nyumba, nikawaambia nyumba yenyewe napanga. Kikoba chetu mkopo mkubwa ulikuwa 300,000 na foleni ya watu saba mbele yangu. Aliyenipa cherehani ya umeme ni duka, kwa mkopo huo huo mnaousema, na nililipa karibu mara mbili ya bei. Sijuti hata kidogo. Sare za shule za Januari ile ndizo zilizonitoa. Mkifunga hiyo milango yote sisi tusio na hati tutakopa wapi, kwenu?

Lakini kaka, dada aliyeniuzia mimi aligeuza karatasi akaandika nyuma kwa kalamu: keshi ni hii, mkopo jumla ni hii, chagua. Nikachagua. Karatasi ile ninayo mpaka leo. Wewe ungeandika namba mbili tu, sekunde kumi, usingekuwa humu leo.

Ngosha wa Usagara

Huyo dada bado ana kazi?

Binti Makoroboi

Sijui. Nilipoenda kununua pasi sikumkuta.

Mzee wa Pamba

Vijana, hili si jipya hapa Usukumani. Baba yangu alikuwa karani wa mizani kwenye stoo ya mnunuzi wa pamba upande wa Magu, kabla ya ushirika. Mizani ilikuwa ya mnunuzi, lakini aliyesimama nayo alikuwa Msukuma mwenzetu, mwenye mshahara na baiskeli. Mkulima anafika na mzigo amebeba tangu alfajiri, karani anasoma pungufu. Mzee alituambia hayo akiwa na miaka zaidi ya 80, na hakujisafisha. Alisema, "Nisingeisoma mimi, angeisoma mwingine, na mimi nilikuwa na ninyi." Halafu akanyamaza, akaomba maji.

Angalieni wakulima walifanya nini. Hawakukaa kumshawishi karani awe mtu mwema. Walichangishana wakaweka wapimaji wao wenyewe, wakasimama pale pale kwenye mizani ya mnunuzi, wanasoma naye. Ndiko ulikoanzia umoja wa wakulima wa akina Paul Bomani mwaka 1952, na kufika 1955 kukawa na ile federasheni kubwa ya ushirika ya Victoria. Sasa mama wa Igombe alipoingia dukani kwenu, mpimaji wake alikuwa nani? Alikuwa peke yake na mtu mwenye 13 ubaoni.

Nimepita Huko

Nilikuwa tim lida wa sehemu kama hiyo, si hapo. Kwa kukusaidia tu: yule anayekukaba na 15 naye anakabwa na 75, na aliye juu yake anakabwa kutoka Dar na mtu ambaye Igombe hajawahi kuiona hata kwenye ramani. Hutampata wa kumlaumu ukipanda ngazi, kila mlango unakuta karatasi yenye namba.

Mambo mawili ya maana. Maonyo yote omba kwa maandishi, weka. Wakikuachisha kwa mizengwe, CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, unapeleka shauri ndani ya siku 30, usikae nyumbani ukilalamika mpaka zipite. Na usije ukaanza kuandika mikopo hewa ili kufikisha tageti, nimeona vijana wameishia polisi kwa hilo. Hapo bosi hatakujua.

Mtu wa Kaunta (mleta uzi)

Wakuu nimerudi, imepita kama mwezi na nusu. Nilikaa kimya kwa sababu sikuwa na cha kusema.

Kwanza, Binti Makoroboi, nilifuata la kwako. Kila mteja nageuza karatasi, naandika namba mbili kwa kalamu. Nilidhani watu watakimbia. Hawakukimbia wote. Kuna baba mmoja wa Sengerema alitazama jumla ya TV akasema, "Kumbe ni bei ya TV mbili kasoro," akatoka, akarudi baada ya wiki tatu na keshi kwenye mfuko wa Rambo. Kuna mwalimu aliona namba zote mbili akachukua mkopo vile vile, mshahara wake unaingia kwa tarehe, anajua anachofanya. Yule sikuona haya kumwandikia. Mwezi wa kwanza wa kufanya hivyo nikamaliza na mikopo tisa. Onyo nimepewa, kwa maandishi, kama alivyosema Nimepita Huko. Limeandikwa "kushuka kwa ari ya mauzo". Mwezi huo huo jumla ya hela niliyoingiza dukani, keshi na vianzio, niliwazidi wote. Nikamwonyesha bosi. Akasema, "Hongera, lakini hiyo siyo tunayopima."

La pili, nilikwenda Igombe Jumapili. Nilimkuta mama anaosha ndoo, ni siku za giza, mwalo umechangamka, dagaa wameanikwa mpaka unakosa pa kukanyaga. Nikakaa kwenye benchi la wateja, nikamwambia: mayu, siku ile uliponiuliza, ilikuwa 800,000.

Akasema, "Najua."

Kumbe kabla ya kuja kwetu alikuwa amepita duka lingine barabara ile ile, akatajiwa 820,000. Hakuwa nazo, na jua la mwezi wa sita hadi wa tisa alitaka limkute na barafu. Mkopo angechukua tu. "Nilikuuliza nione kama utasema," akaendelea kuosha ndoo. "Ulivyozunguka nikajua hapa kila kitu nisome mwenyewe, na kusoma ndiyo hivyo sijui. Nikampelekea karatasi mtoto wa jirani wa kidato cha tatu." Yule mtoto ndiye aliyemkokotolea jumla, usiku ule ule.

Sikuwa na la kujibu, nikanunua juisi. Nililipa 500 kama wengine, hakunipunguzia wala kunionea.

Halafu akaniuliza jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Kwa nini asilipe giza kwa giza? Siku za giza yuko tayari kutoa hata 35,000 kwa wiki, mbalamwezi asitoe kitu, na mwisho wa mwaka duka linapata hela ile ile au zaidi. Jumatatu nikalipeleka kwa bosi, nimeshapiga na hesabu. Alisikiliza vizuri, sitamsingizia. Akapiga simu Dar nikiwa nimesimama pale. Jibu lililotoka ni kwamba mfumo una chaguo la siku, wiki na mwezi, na mwezi wenyewe ni ule wa kalenda.

Mkaa Kirumba, faini zake mbili za kwanza nilimlipia kutoka mfukoni, 10,000. Usinisifu, ni chini ya kamisheni mbili. Mzee wa Pamba, suala lako la mpimaji nimelibeba. Kile kikundi kilichomchangia kina wanawake 22, nimekubaliana nao: anayetaka kukopa chombo popote, kwangu au kwa mwingine, karatasi ianze kupita kwa yule mtoto wa kidato cha tatu. Bosi akijua nadhani hilo halitakuwa onyo tena.

Mkataba unaisha mwisho wa mwezi huu. Mdogo wake mama alikuja jana na karatasi imeshapigiwa hesabu, akachukua jiko la gesi la sahani mbili, akalipa keshi. Ubaoni nina sita.

Ngosha wa Usagara

Sita na leo tarehe 24. Mkuu, sema basi hilo duka nije nichukue godoro la mkopo uwe na saba. Ila uniandikie jumla.

Mtu wa Kaunta (mleta uzi)

Keshi ni 180,000. Mkopo ni 310,000.

Ngosha wa Usagara

Basi ngoja nikauze mbuzi kwanza.